Mama Alitaka Kukiona Chumba Kile

Viza ilipotoka, Mama hakuuliza baridi ya huko ni kali kiasi gani wala watu wanakula nini. Aliuliza kama nitampeleka kwenye chumba kile. Nilimwelewa. Mwaka wangu wa kwanza Ujerumani niliishi Görlitz, mji wa mwisho kabisa upande wa mashariki, nikijifunza kazi ya uuguzi. Nilipanga chumba chini ya paa, na Jumapili jioni niliwapigia yeye na Baba simu ya video nikiwa nimekaa kitandani. Mama alilijua dirisha lililokuwa nyuma yangu, alilijua pazia lake la manjano na ukuta uliolala kufuata paa. Mwanawe alikuwa amelala humo majira yote ya baridi, naye hajui hata mlango wake unafungukia upande gani. Baba alikuwa na mambo yake, ameyaandika kwenye daftari: nyumba ya misheni, kahawa, treni, wazee wanaishije. Amefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na hasafiri bila daftari.

Maandalizi yalitutoa jasho pande zote mbili. Mimi nilikwenda ofisi ya wageni Leipzig, ninakofanya kazi sasa, nikasaini hati ya kuwadhamini na kuonyesha mshahara wangu. Nikawakatia bima, maana nchi za Schengen zinataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 kwa kila mgeni. Wao walishuka kutoka nyumbani Kidia, Old Moshi, wakapanda basi hadi Dar es Salaam kupeleka makaratasi na kuchukuliwa alama za vidole.

Walitua Frankfurt asubuhi moja ya Juni. Nilikuwa nimemweleza Mama mara nyingi kwamba nyama, siagi na maziwa haviingii Ulaya, akanisikiliza. Nilikuwa pia nimemwambia kwamba ndizi ni miongoni mwa matunda machache yanayoruhusiwa kuingia bila cheti cha afya ya mimea, na hilo alilisikiliza kuliko yote. Ofisa wa forodha alipofungua sanduku lake alikuta ndizi mshare mbichi zimepangwa kwa vichane, zimefungwa kwa vitenge ili zisichubuke, na katikati yake mifuko ya kahawa aliyoikaanga mwenyewe. Ofisa alichukua ndizi moja, akaipima mkononi, akairudisha mahali pake, akafunga zipu kwa mikono yake mwenyewe. "Ana adabu yule kijana," Mama aliniambia kabla hata hatujasalimiana vizuri.

Treni ya kwenda Leipzig ina kioo kidogo kinachoonyesha mwendo. Baada ya Erfurt reli ni mpya, ilifunguliwa mwishoni mwa 2015, na hapo namba zilianza kupanda mpaka zikakaribia kilomita 300 kwa saa. Baba hakutaka kuamini kioo peke yake. Alimimina maji kwenye kikombe, akakijaza karibu na ukingo, akakiweka mezani na kukitazama. Vijiji, mitambo ya upepo na mashamba ya ngano vilipita dirishani, yeye macho yake yako kwenye kikombe. Maji yalitetemeka tu, hayakumwagika. Tulipoingia Leipzig aliyanywa, akaandika kwenye daftari.

Stesheni ya Leipzig ilimalizika mwaka 1915, na ina kumbi mbili za kuingilia zinazofanana kabisa, kwa sababu ilijengwa kwa pamoja na shirika la reli la Prussia na la Saksonia. Baba alipenda sana habari hiyo ya wabia wawili. Mama alichokiona ni kwamba maduka ya mle stesheni yamejaa watu, ilhali tulipotoka nje mji mzima umefungwa. Ilikuwa Jumapili, na Jumapili Wajerumani wanafunga maduka karibu yote kwa mujibu wa sheria. Mama aliifurahia sheria hiyo. Alisema kumbe walichotufundisha wamisionari wao bado wanakishika wenyewe. Kisha tukapita makanisa mawili yenye milango imefungwa, akanyamaza.

Jioni ile ya kwanza ilimchanganya. Kidia jua likizama saa kumi na mbili na nusu, giza halichelewi, na chakula cha usiku kinaliwa usiku. Mama alipika mtori kwenye jiko langu la umeme, akaufunika, akasubiri giza. Saa mbili, bado jua. Saa tatu, Baba yuko barazani ghorofa ya nne anasoma Biblia bila taa. "Hivi huku Mungu anafunga saa ngapi?" Mama aliuliza, na alitaka jibu. Tulikula saa nne kasoro, anga bado ina mwanga upande wa magharibi, na mimi nilikula mtori wa Mama kwenye meza yangu ya Leipzig nikiwa na furaha ambayo sijui niiwekeje kwenye maandishi.

Siku zilizofuata nilikuwa nimepanga kuwaonyesha mji. Wao walikuwa wamepanga kuona ninavyoishi, na mpango wao ndio ulioshinda. Walitaka kupanda tramu ile ile ninayopanda alfajiri kwenda zamu. Baba alishangaa kuwa hakuna geti wala kondakta, mtu anaingia tu na kukaa. Nilimweleza kwamba wakaguzi hupita bila kutangaza, wamevaa nguo za kawaida, na asiye na tiketi hulipa euro 60. Aliwatazama abiria wote, mmoja mmoja, akitafuta mkaguzi aliyejificha. Mama alitaka kumwona mwanamke wa duka la mikate ninayemsalimu kila asubuhi. Alimpa mkono, akauinamia kidogo kwa heshima, na yule mama wa mikate akatoka nyuma ya kaunta kumkumbatia. Miaka yote niliyonunua mkate pale sijawahi kumwona akitoka nyuma ya ile kaunta.

Nyumba ya Misheni ya Leipzig iko mtaa wa Paul-List. Kwa mtu wa Old Moshi jina la Leipzig ni la zamani sana, limo kwenye historia ya usharika. Wamisionari wa Kilutheri kutoka mji huu walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na mmoja wa waliowafuata, Bruno Gutmann, aliishi kwetu kwa miaka mingi na kuandika mila na sheria za Wachaga katika vitabu vinene. Babu yangu alibatizwa na watu hao. Baba alisimama mbele ya mlango, akavua kofia. Alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya mtu aliyelipata shina la ukoo. Lakini Baba ni mwalimu, na kwake historia haiishii ukurasa mmoja. Kwenye jumba la makumbusho la Grassi, kati ya vitu vilivyotoka Afrika enzi za ukoloni, aliniambia nimwulize mhudumu habari za Mangi Meli, mtawala wetu wa enzi zile.

Baba alianzia mbali. Hans Meyer, mtu wa kwanza kuandikwa kwamba alifika kilele cha Kilimanjaro, tarehe 6 Oktoba 1889, alikuwa mtu wa Leipzig, wa ukoo wa wachapishaji vitabu. Alibeba jiwe la kileleni, akampelekea Kaisari, likawekwa ukutani kwenye kasri la Potsdam. Miaka kumi hivi baadaye, tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pale pale Old Moshi pamoja na viongozi wenzake 18. Wazee wetu wanasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na wajukuu zake wamekitafuta miaka mingi. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliunganisha mafuvu machache yaliyohifadhiwa Berlin na familia zilizo hai Kilimanjaro, likiwamo la akida aliyekuwa mshauri wa Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikupatikana. Baba aliyasema haya kwa Kiswahili, taratibu, mimi nikitafsiri, na yule mhudumu, msichana mdogo, alisikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa. Alisema hakulisikia jina hilo shuleni. Baba alimwandikia kwenye karatasi iliyochanwa kutoka kwenye daftari, kwa mwandiko wa ubaoni: MANGI MELI, OLD MOSHI, 1900. Nilimwona yule msichana akiikunja na kuiweka kwenye pochi yake.

Kahawa nayo ilikuwa na siku yake. Katikati ya mji kuna jengo linaloitwa Zum Arabischen Coffe Baum, ambamo kahawa ilianza kuuzwa mwaka 1711. Juu ya mlango wamechonga Mturuki ameegemea chini ya mbuni, yeye na mtoto mwenye mabawa wakipeana bakuli. Baba, ambaye mibuni yake ilipandwa na baba yake na kahawa yake ikipimwa miaka yote na chama cha ushirika, aliitazama ile sanamu kwa makini. Katika mkahawa wa mtaa wa pili nilimweleza kwamba serikali ya Ujerumani hutoza kodi ya peke yake kwa kahawa, euro 2.19 kwa kila kilo iliyokaangwa. Alipiga hesabu pembeni mwa ukurasa, akapata zaidi ya shilingi elfu sita. Akaipiga tena. Mkulima anaupalilia mbuni, anaupulizia dawa, anachuma tunda moja moja, anamenya, anaosha, anaanika, halafu serikali ambayo haijawahi kuona ua la mbuni inachukua elfu sita kwa kilo mlangoni tu. Naliandika jambo hili kwa uchungu ule ule niliouona usoni mwake. Kikombe chake hakukimaliza.

Aliyeturudishia furaha ni mwuguzi mwenzangu, aliyetualika bustanini kwake. Leipzig ndiko ilikoanzia, mwaka 1864, ile jumuiya ya Schreber iliyoeneza bustani ndogo za watu wa mjini, na leo ukipita na treni unaziona pembezoni mwa reli, vipande vilivyogawanywa kwa uzio, kila kimoja na kibanda chake. Kipande hakizidi mita za mraba 400, kibanda hakizidi 24, kuhamia humo hairuhusiwi, na sehemu ya ardhi lazima ipandwe mboga na matunda, si maua peke yake. Mama alivua viatu mlangoni. Aliinama kwenye tuta la maharage, akaanza kung'oa magugu bila kuombwa. Mama mzazi wa mwenyeji wetu alikuja akainama tuta la pili, nao wakaenda sambamba mpaka mwisho wa bustani, huyu akisema kwa Kiswahili na yule kwa Kijerumani cha Saksonia, wakionyeshana mizizi. Hawakuniita kutafsiri hata mara moja.

"Hiki ni kihamba," Mama alisema tulipoketi kula keki, akiifananisha bustani na shamba la ukoo kwetu. "Kidogo, lakini ni kihamba. Mti wa matunda juu, mboga chini, maji yanaletwa, jirani yuko uzioni." Kisha akatazama huku na huku, akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiria: wazee wao wanazikwa upande gani? Kwetu kihamba bila makaburi ya waliokitangulia ni shamba tu. Nilimweleza kwamba hapa ni marufuku kuzika nje ya makaburi yaliyoidhinishwa, na kwamba kaburi hukodiwa, mara nyingi kwa miaka kama 20 hivi, na familia isipoongeza muda mahali pale hupewa mtu mwingine. Mama aliweka uma mezani. Alimtazama yule bibi aliyekuwa akipalilia naye kwa huruma nyingi, akamkatia kipande kingine cha keki.

Tukaenda Görlitz. Reli ya Leipzig hadi Dresden ni ya mwaka 1839, ya kwanza ya masafa marefu katika Ujerumani yote, na sisi tuliipanda ghorofani, maana mabehewa ya huku yana juu na chini. Baada ya Dresden treni ikawa fupi, stesheni zikawa ndogo, na Mama akaanza kukaa wima.

Görlitz haikubomolewa na vita, kwa hiyo mitaa imejaa nyumba za karne tano zilizopita, rangi ya udongo, ya siagi, ya waridi. Mji umepitiwa na nyuzi 15 za longitudo mashariki, mstari ambao saa za Ulaya ya kati hupimwa kwao, na kuna jiwe lililowekwa mahali pake. Baba alikuwa amefundisha kwa miaka mingi kwamba kila nyuzi 15 ni saa moja. Alisimama na mguu mmoja huku na mwingine kule, akanifundisha upya somo lote la darasa la sita, pamoja na sababu ya saa ya Moshi kuwa mbele ya saa ya huku, na kwa nini majira ya joto tofauti hupungua. Wapita njia walisimama kumtazama. Nilimwachia afundishe.

Kwenye uwanja wa Untermarkt, katika nyumba namba 22, kuna tao la mawe la miaka ya 1500 lenye mfereji uliochongwa kwenye ukingo wake. Mtu akinong'ona upande mmoja, aliyeweka sikio upande wa pili anamsikia wazi, na aliyesimama katikati hasikii kitu. Baba alinong'ona kwa Kimochi, Kichaga cha kwetu. Mama, shavu likiwa kwenye jiwe, alisikiliza, akacheka mpaka akashika ukuta. Naye akajibu. Walikwenda hivyo kwa muda, kwa zamu, wazee wawili waliooana kabla sijazaliwa, na mimi katikati sikusikia neno. Nilipouliza walichosema, Mama alisema hayanihusu.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi daraja la waenda kwa miguu juu ya mto Neisse. Lile la zamani lilivunjwa mwaka 1945, hili jipya lilifunguliwa 2004, na ng'ambo yake ni Zgorzelec, Poland. Wakati mwingine polisi hukagua, hivyo Baba alitangulia ameshika pasipoti mkononi kifuani. Hakuna aliyemwuliza kitu. Alifika upande wa pili, akageuka, akasubiri. Amevuka Holili kwenda Taveta mara nyingi, anajua foleni na mihuri, na kuingia nchi nyingine bila mtu kukutazama usoni kulimtia wasiwasi. Alitaka muhuri wa Poland. Badala yake tulikula supu ya unga uliochachushwa, Mama akaisifu, tukarudi Ujerumani kwa miguu.

Nilikofanyia mafunzo ni makao ya wazee, na wenzangu wa zamani walituruhusu tuingie. Sikuwa na uhakika Mama atayapokeaje. Yeye amemwuguza bibi yangu nyumbani mpaka siku ya mwisho, na kusikia wazee wanakaa pamoja wanaangaliwa na wageni kulikuwa kunamsumbua tangu siku niliyomwambia ninachosomea. Aliona vitanda vinavyopanda na kushuka, bafu lenye kiti cha kuingilia, na mzee mmoja akilishwa uji na kijana kutoka Vietnam kwa subira kubwa. Baba aliandika nilichomweleza, kwamba tangu 1995 kuna bima ya lazima ya matunzo inayolipa sehemu ya gharama na familia au mzee mwenyewe hulipa inayobaki. Mama aliketi karibu na bibi mmoja aliyekuwa dirishani, akamshika mkono, akaniuliza watoto wake wako wapi. Nilimwambia mmoja yuko Hamburg, mwingine München, huja mwisho wa wiki.

"Na wangu yuko Leipzig," alisema Mama.

Alisema bila lawama, na ndiyo maana lilinichoma. Aliendelea kumsugua yule bibi vidole, akimwimbia kwa sauti ya chini pambio la kanisani, mpaka chakula cha mchana kilipoletwa.

Mama mwenye nyumba wangu wa zamani alitungoja mlangoni, amevaa vizuri, ingawa ana zaidi ya miaka themanini. Alifanya kazi ujana wake wote kwenye kiwanda cha mabehewa cha mji ule. Nilipougua mafua makali majira yale ya baridi, yeye ndiye aliyeniachia sufuria ya supu mlangoni asubuhi na jioni, bila kubisha hodi ili asiniamshe. Mama alikuwa akiijua habari ya supu. Aliingia na vitenge, kahawa na vichane viwili vya mwisho vya mshare, akapiga hatua mbili sebuleni, akasimama ghafla. Dirishani, kwenye chungu cha kauri, palikuwa na isale.

Wachaga wote wanaufahamu mmea huo. Unapandwa mpakani mwa kihamba, na jani lake ukimpelekea mtu uliyekosana naye hawezi kukataa kukusikiliza. Hapa huuzwa madukani kwa ajili ya kupamba nyumba, jina lake Dracaena. Mimi nilikuwa nimepita mbele ya chungu kile kila siku kwa mwaka mzima nikikimbilia zamu. Mama aligusa jani, akalifuta vumbi kwa kidole gumba, akamwambia yule bibi, kupitia kwangu, maana yake kwetu. Bibi alisema ameutunza tangu mume wake alipofariki.

Chumba kilikuwa kitupu, mpangaji amehama mwezi uliotangulia. Tulipanda ngazi polepole, Baba akishika magoti. Mama alifungua mlango mwenyewe. Aligusa kitanda, akakibonyeza, akakaa pale nilipokuwa nakaa mimi. Aliweka kiganja kwenye chuma cha kupashia joto, kilichokuwa baridi kwa sababu ni Juni, akataka aonyeshwe kinavyowashwa, akasubiri mpaka kikapata moto. Akafungua dirisha, akatoa kichwa nje, akatazama paa za jirani, minara ya kanisa la Petro na vilima vya Poland. Kisha akamgeukia yule bibi, akasimama wima, akatoa shukrani zinazotolewa kwetu na mzazi kwa mtu aliyemlelea mtoto: ndefu, kwa mpangilio, akianza na Mungu, kisha wazazi wa bibi, kisha bibi mwenyewe, kisha supu. Nilitafsiri sentensi kwa sentensi mpaka sauti ikanikatika, na Baba akaendelea kwa Kiingereza chake cha ualimu. Bibi hajui Kiingereza. Alielewa.

Kwenye treni ya kurudi Mama alichukua simu, akaanza kumrekodia ujumbe shangazi. Reli ya kasi hakuitaja. Alieleza isale, bibi anayeutunza, kaburi la kukodi, mama wa mikate, chuma cha ukutani kinachopata moto haraka, na mzee anayelishwa na kijana wa Kivietnamu. Alimwagiza atafute mahali pa kulala wageni pale nyumbani, kwa sababu yule bibi ameambiwa aje Kidia mwezi wa Desemba, na amesema atawauliza watoto wake. Tulipofika Dresden alikuwa amehamia kwa mjomba, na habari ilianza upya kutoka kwenye forodha.